Vifaa vya Kuzuia Ukoko wa Chokaa: Je, Ifakara Tunavihitaji?



Mada niliyopewa inauliza kama vile vifaa vinavyofungwa kwenye bomba ili kuzuia ukoko mweupe ndani ya birika na hita vinafanya kazi kweli. Wenye gesti na saluni ndio wanunuzi wanaotafutwa, na mafundi bomba ndio wanaoulizwa. Jibu langu ni kwamba kifaa kinachofanya kazi kipo, ila kina gharama ya kukilisha kila mara. Na hapa Ifakara wengi wetu tungekuwa tunatibu ugonjwa ambao hatuna.

Ukoko unatokeaje? Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, yakipita kwenye mawe ya chokaa huyayeyusha kidogo kidogo. Maji yakiwa ya baridi huoni kitu. Yakichemka, hewa ile inatoka, chokaa inarudi kuwa jiwe na kung'ang'ania palipo na moto mkali zaidi, yaani kwenye koili. Koili iliyovikwa jiwe inashindwa kutoa joto lake, mwisho inaungua. Hasara ni ya mfuko. Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo chochote cha ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa iliyoyeyuka ndani yake, kwa sababu za kiafya, kwa hiyo muuzaji anayekutisha kwa habari za figo mwache aende zake.

Unguja na mwambao wa pwani wanachimba visima kwenye matumbawe. Tanga wana mapango ya Amboni, yaliyochongwa na maji ndani ya chokaa tupu. Huko swali la leo lina wenyewe. Bonde letu la Kilombero ni habari nyingine. Mito yetu inashuka kutoka Udzungwa, milima ya miamba mikongwe ya jamii ya naisi, isiyo na chokaa nyingi ya kugawa. Nasi tumekaa juu ya mchanga na matope yaliyoletwa na mafuriko ya miaka na miaka. Kwenye udongo wa namna hiyo, maji yakituama chini bila hewa, kinachoyeyuka ni chuma. Mnaijua dalili yake: maji yanatoka kisimani yakiwa maangavu, yakilala kwenye ndoo yanageuka ya kahawia, shuka jeupe linaota madoa ya kutu, chai inakuwa nyeusi ti kabla hujamaliza kuikoroga. Mwenye kisima cha hivyo akiuziwa kifaa cha chokaa, ameliwa. Dawa ya chuma ni hewa na mchanga: yaache maji yaanguke kutoka juu yakichanganyika na hewa, yatulie, kisha yapite kwenye chujio la mchanga.

Visima hupishana hata ndani ya mtaa mmoja, kwa hiyo pima. Bandua kipande cha ukoko, kamulia ndimu. Chokaa itatoa vipovu, kutu haitoi. Halafu tikisa sabuni ileile kwenye chupa mbili, moja ya maji ya mvua na nyingine ya maji yako. Povu likigoma kwenye ya pili, hapo una maji magumu na tunaweza kuzungumza vifaa.

Kifaa kinachoondoa ugumu ni tanki la resini. Chembe zake zimebeba sodiamu. Maji yakipita, zinakamata kalisi na magnesi na kuachia sodiamu. Zikishiba zinaoshwa kwa maji ya chumvi, kisha zinaanza upya. Kwa kila miligramu 100 za ugumu katika lita moja, ukihesabu kama chokaa, maji yanaongezewa kama miligramu 46 za sodiamu. Mwenye shinikizo la damu na anayemkorogea mtoto maziwa ya kopo waachiwe bomba la maji yasiyopitishwa humo. Na chumvi ikiisha, kazi imekwisha. Vipo pia vichujio vya fosfeti, ambavyo huzuia chokaa isigande kwenye maji ya joto la kawaida, lakini kwenye maji yanayochemka nguvu yake inapungua sana.

Sumaku inayofungwa kwenye bomba ndiyo inayozua ubishi. Wazo ni la zamani: Mbelgiji Theophile Vermeiren alipata hataza yake mwaka 1945. Baadhi ya majaribio ya maabara yameona mabadiliko katika umbo la fuwele za chokaa, mengine hayakuona kitu. Ugumu wa maji wenyewe unabaki palepale, hilo halina ubishi.

Namna ya kupima madai kama haya sisi wa bonde hili tusingepaswa kufundishwa na mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijijini Idete, humu humu bondeni, watoto wapatao 600 walishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66. Nusu walipewa chanjo, nusu sindano isiyo na chanjo, na wazazi hawakujua nani kapewa nini. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, na matumaini yakapanda. Majaribio yaliyofuata kwingineko, na kwa watoto wachanga hapahapa kwetu, hayakuiona kinga hiyo. Kama chanjo ilipimwa hivyo, sumaku ya bomba ina cheo gani cha kukwepa mizani?

Marekani, jarida la Consumer Reports lilifanya hivyohivyo. Lilifunga hita mbili kwenye maji magumu, moja ikiwa na sumaku, nyingine bila. Baada ya zaidi ya miaka miwili walizipasua zote. Ukoko ulikuwa sawa, kwa wingi na kwa umbo. Habari hiyo ilitoka mwaka 1996.

Mwenye gesti anaweza kumwambia muuzaji: funga hita moja, acha ya pili, ulipwe tukizifungua baada ya mwaka na kuona tofauti. Wakati huo bati la kukinga maji ya mvua lipo juu ya nyumba. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, na bonde letu hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita 50 za mraba linapitisha lita 50,000 za maji yasiyo na chokaa, hata ukitoa zile za mwanzo zinazoosha vumbi. Na birika ambalo tayari lina ukoko mweupe, ndimu mbili na maji ya moto, likilala usiku kucha, linasafishika.