Kompyuta uliyoagiza kwa intaneti: siku huanza kuhesabiwa mlangoni

Huku Uingereza, yeyote aliyepata kuzitembelea nyumba za Waswahili wa London, Leicester au Reading atakuwa ameliona lile sanduku. Limewekwa nyuma ya kochi, utepe wake haujaguswa, na juu yake pamerundikwa mashuka na viatu vya watoto. Ndani mna kompyuta iliyoagizwa kwa intaneti, nayo yangojea kontena la Mombasa au Dar es Salaam. Mwenye nyumba hataki kulifungua. Anataka mwanafunzi aliyeko nyumbani alifungue kwa mikono yake. Nia hiyo ni njema, lakini sheria haiitazami.

Kwa mujibu wa kanuni za mikataba ya walaji za mwaka 2013, zilizoanza kutumika Juni 2014, anayenunua bidhaa kwa mfanyabiashara kupitia intaneti ana siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Chini ya kanuni za mwaka 2000 zilikuwa siku 7 za kazi tu. Siku hizo huhesabiwa tangu kesho yake ya kupokea mzigo, awe ameupokea mnunuzi mwenyewe au mtu aliyemtaja aupokee kwa niaba yake. Hazingojei sanduku lifunguliwe, wala meli itie nanga Kilindini.

Safari ya bahari ni ya wiki kadhaa. Kijana akija kuiwasha mashine na kukuta kioo kina ufa, siku 14 zimekwisha kitambo, na aghalabu hata zile 30 ambazo Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 humpa mnunuzi kukirudisha kitu kibovu na kudai fedha zake zote. Hubaki haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa, na ubovu ukijitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kuwa ulikuwapo tangu mwanzo, ila muuzaji athibitishe vinginevyo. Naye atakuwa na la kusema: kioo kimepasukia baharini. Nani atambishia, na mashine iko Morogoro?

Kwa hiyo lifungueni sanduku hapa hapa. Iwasheni, mbonyeze vitufe, mjaribu chaja, mhakikishe ni aina ile ile mliyoiagiza. Ukaguzi wa namna ambayo ungeufanya dukani unaruhusiwa. Anayeitumia wiki nzima kwa shughuli zake huenda akakatwa sehemu ya fedha.

Na mletaji akibisha hodi na sanduku lililopondeka? Una ruhusa ya kulikataa. Mpaka likufikie mkononi, hasara ya njiani ni ya muuzaji, madhali ndiye aliyemchagua msafirishaji. Lakini kumrudisha mletaji kimya kimya si kughairi. Wapo wanaofanya hivyo wakakaa kungoja fedha, kumbe muuzaji anawapangia tarehe nyingine ya kuletewa. Mwandikie, kwa barua au barua pepe, kwamba unauvunja mkataba, na uhifadhi nakala, maana jukumu la kuthibitisha ni lako.

Ukishaandika, una siku 14 nyingine za kuirudisha. Muuzaji naye hupaswa kulipa ndani ya siku 14 tangu aipokee, au tangu umpe ushahidi kwamba umeituma, pamoja na gharama ya kawaida uliyotozwa kuletewa. Nauli ya kuirudisha kwa kawaida ni yako ukiwa umebadili nia tu. Ikiwa ni mbovu, ni yake.

Aliyelipa kwa kadi ya mkopo ana kinga zaidi. Chini ya sheria ya mikopo ya mwaka 1974, kwa kitu cha bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi 30,000, aliyetoa kadi huwajibika pamoja na muuzaji aliyevunja mkataba. Kadi ya kutolea fedha za akaunti yako haina kinga hiyo ya kisheria. Na ukinunua kompyuta kuukuu kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, siku 14 hizo huna kabisa.