Taa nyingi, waya mbovu: yale motokari yetu imetufundisha
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama na wafadhili, Lubumbashi)



Mwenyekiti ametuomba, sisi watu wa tereni, tueleze kwa nini motokari ya kazi ilikaa garaje siku 9, na kwa nini pesa iliyopangwa kununua taa mpya imeishia kwenye waya na fizibo. Ni swali la haki. Tutajibu bila kuficha kitu.

Tuanze na usiku ule. Ilikuwa wakati wa mvua, tumepita Kasomeno tunaelekea Kilwa. Ndani ya motokari tulikuwa na mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umeshamshika, mama mkwe wake, na shofere. Familia ile ilitoka Zambia, sawa na wengi wenu hapa: wengine mlirudi toka Kala na Mwange, kambi zilizofungwa mwaka 2010, wengine mlirudi toka Mantapala kwa njia ya Pweto kuanzia mwisho wa 2021. Hatuna haja ya kuwaeleza barabara ile ikoje wakati wa matope.

Mara tukasikia harufu ya plastiki inaungua. Moshi ukatoka chini ya dashibodi, taa zikazima, mashine ikakatika. Mtatuuliza: si ni mashine ya mazutu, inahitaji umeme wa nini? Kweli, mazutu haihitaji cheche. Lakini pampu iko na kifunguo kidogo cha umeme. Kikikosa moto, kinafunga, mazutu haipiti, na mashine inazima.

Shofere alikimbia kufungua kapo na kuchomoa batri. Kisha, kwa mwanga wa simu, alikata waya zilizoungua, akavuta waya moja toka batri mpaka kwenye pampu. Tukaendelea mwendo wa mtu kwa miguu, mmoja wetu anatangulia mbele na tochi. Kulipopambazuka tulifika kituo cha afya. Mtoto alizaliwa salama, mama yake ni mzima. Lakini tusidanganyane: tulisaidiwa na Mungu na akili ya shofere. Kazi yetu ya kutunza motokari tulikuwa hatujaifanya.

Tuliporudi Lubumbashi, elektrisie alifungua dashibodi, akatuita tuangalie. Wandugu, tuliona haya. Kwa miaka kadhaa motokari ile ilipokea zawadi nyingi. Mradi mmoja ulitoa taa nne za mbele. Mwingine ulitoa radio ya mawasiliano. Mwingine frigo ya vaksini. Mwingine mashine ya kugeuza moto wa batri kuwa volti 220, tuchaji simu na kompyuta. Kila zawadi ilifungwa na fundi wake, kila fundi akakamata waya ya karibu, akaisokota pamoja na yake, akazungusha shatatoni, akaenda. Karatasi ya kuonyesha waya gani inaenda wapi haikuwepo. Waya ya ile mashine ya volti 220 ilitoka moja kwa moja kwenye batri bila fizibo yoyote. Ilipita kwenye tundu la bati bila mpira wa kuikinga. Mtikisiko wa barabara uliila ngozi yake kidogo kidogo mpaka ikagusa bati. Umeme wote wa batri ukapita hapo, ukayeyusha na waya za jirani, pamoja na ile ya pampu.

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu wengi wenu muko na pikipiki, na mitambo ya sola nyumbani. Fizibo hailindi taa. Fizibo inalinda waya. Ndiyo maana inakaa karibu kabisa na batri, kwenye mwanzo wa waya. Ukiiweka mwisho, karibu na taa, njia yote ya katikati haina mlinzi.

Jambo la pili ni unene wa waya. Taa moja ya wati 55 kwenye volti 12 inavuta karibu ampere 5. Taa nne ni ampere 18 na zaidi. Zetu zilifungwa kwa waya ya milimeta mraba 1, mita 4 kwenda na mita 4 kurudi. Piga hesabu: karibu volti 2 na nusu zinapotelea njiani. Zinageuka joto ndani ya waya, na taa inabaki na mwanga wa mshumaa. Sisi tulikuwa tunasema taa ni mbaya, tununue nyingine. Kumbe taa zilikuwa nzuri. Kwa waya ya milimeta mraba 4, hasara ile inashuka kwenye nusu volti tu, au zaidi kidogo.

Na kitu cha kuumiza zaidi: baadhi ya waya zile hazikuwa shaba. Ukikwangua kwa kisu, ndani ni nyeupe. Ni aluminiumu iliyopakwa shaba juu, na aluminiumu inapitisha umeme kama sehemu sita kwa kumi za shaba. Sisi, watu wa Lubumbashi! Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na wazee wetu walifanya biashara kwa misalaba ya shaba. Basi mukienda kununua waya, pale Kenya au popote, kwangueni kwanza.

Kazi iliyofanyika ni hii. Waya zote za kuongezwa zilitolewa, tukaanza upya. Kila kifaa sasa kina njia yake na fizibo yake, ndani ya boksi moja chini ya kapo. Taa zinawashwa kwa rele: butoni ya dashibodi inapitisha umeme mdogo tu wa kuiamsha rele, na rele ndiyo inapitisha ule mkubwa toka batri. Waya za masi, yaani za kurudisha umeme, zimefungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kupakwa grisi, maana kutu na vumbi ndivyo vinavyokata masi. Kila tundu la bati limepata mpira.

Tuliongeza pia batri ya pili. Zamani radio na frigo zilikuwa zinakunywa batri ya kuwashia mashine. Kitu kinachovuta ampere 2 tu, ukikiacha toka Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, kimeshamaliza zaidi ya ampere-saa 100. Ndiyo maana kila Jumatatu tulikuwa tunaomba vijana watusukume. Sasa batri ya kwanza ni ya kuwasha mashine peke yake. Ya pili inalisha radio, frigo na chaji, na rele inaziunganisha mashine ikiwa inazunguka.

Mchoro wa waya zote umebandikwa ndani ya mlango wa shofere, na kopi iko ofisini. Tumekubaliana pia: hakuna fundi atakayeongeza kitu bila fizibo, bila rele pale inapohitajika, na bila kukiandika kwenye mchoro.

Wafadhili wetu, neno la mwisho ni lenu, na tunalisema kwa heshima. Tunajua taa inaonekana kwenye picha, fizibo haionekani. Lakini tukipewa kifaa bila pesa ya waya yake na ya fundi wake, tumepewa mzigo. Mkitupa frigo, mtupe na njia ya kuilisha. Na sisi wa tereni tunakubali kosa letu: tulipokea kila kitu tukasema aksanti, bila kuuliza kitafungwa wapi.

Mama yule anaishi Kilwa na mtoto wake. Safari nyingine kama ile itakuja, pengine wiki hii. Tunataka motokari ifike, taa zikiwaka.