Tundu la Waya Ukutani
(Maneno yaliyosemwa na fundi wa stima wa reli katika mkutano wa tawi)



Katibu ameniomba niseme juu ya tundu. Ni lile tundu tunalotoboa ukutani ili waya wa stima upite kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Najua wengine wananung'unika kuwa tumeacha mishahara tunazungumza matundu. Mishahara ipo, zamu yake ni baada ya chai.

Kuna kuta za kugawa vyumba tu, na kuna kuta za kuzuia hatari. Ukuta wa chumba cha betri ni wa namna hii ya pili. Vile vile wa stoo ya petroli na wa banda la kupulizia rangi. Ukuta huo ukitobolewa na kuachwa wazi, hauzuii tena, hata kama tundu ni la kupita kidole.

Betri za asidi zikichajiwa hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Haina rangi wala harufu. Ikifika sehemu 4 katika kila 100 za hewa ya chumba, cheche ndogo yatosha kuiwasha. Nayo ni nyepesi, hupanda darini. Basi mtu akitoboa karibu na dari, na upande wa pili kuna swichi, ameipa njia ya kwenda penye cheche. Mvuke wa petroli ni kinyume chake: ni mzito, hutambaa sakafuni, huingia katika mfereji wa waya na kusafiri mbali. Tena hauhitaji kupita kando ya paipu peke yake, hupita hata ndani ya paipu pamoja na waya. Fundi asiyeambiwa kilichomo chumbani asishike drili kwanza, aulize.

Sasa nitawapa habari ya Marekani, katika jimbo la Alabama, kwenye kituo cha stima cha nyuklia kiitwacho Browns Ferry. Tarehe 22 Machi 1975 mitambo miwili ilikuwa kazini na wa tatu unajengwa. Chini ya chumba cha waongozaji kilikuwako chumba kilichojaa waya, na waya hizo zilipita ukutani kuingia jengo la mtambo. Jengo hilo huvuta hewa ndani, ili hewa yenye sumu isitoke nje. Kwa hivyo kila mwanya kando ya waya ulipaswa kuzibwa.

Waliziba kwa povu la jamii ya sponji ya magodoro. Na walipimaje kama hewa bado inapenya? Kwa mshumaa! Moto wa mshumaa ukilala, basi pana mwanya. Siku hiyo wakaona mwanya, mtu akashindilia vipande vya sponji, akasogeza mshumaa tena kupima. Hewa ikauvuta moto ndani, sponji ikashika. Wakapiga kwa kurunzi, wakaleta matambara, kisha mitungi ya kuzimia, lakini moto ulikwisha kuvuka ukuta na kula waya upande wa pili.

Uliwaka kama saa saba. Waya zaidi ya 1,600 ziliharibika, na vyombo vingi vya kupozea mtambo vikakosa stima. Mkubwa wa zimamoto wa mji wa Athens alishauri mapema watumie maji. Wakubwa wa kituo wakakataa mpaka jioni. Walipokubali, moto ulizimika upesi. Hakufa mtu. Jambo linaloniudhi mimi ni hili: siku mbili kabla, kazi hiyo hiyo ya mshumaa ilikuwa imewasha moto mdogo, ukazimwa, na kazi ikaendelea vile vile.

Turudi kwetu. Mahali pamoja nilipofanya kazi, ambapo sitapataja, niliona tundu la chumba cha betri limeshindiliwa gunia na magazeti. Aliyefanya hivyo hakuwa mpumbavu. Aliagizwa atoboe, hakupewa simenti. Fundi wa stima husema kuziba ni kazi ya mwashi. Mwashi husema hajaletewa kadi ya kazi. Nyapara husema kesho. Hapo ndipo ninapotaka chama kishike: kadi ya kutoboa iwe ndiyo kadi ya kuziba, na kazi isiandikwe kuwa imekwisha kabla tundu halijafungwa.

Kwanza tuulize kama tundu lahitajika. Swichi ikikaa nje ya chumba cha betri, matundu hupungua. Likihitajika, tia kipande cha paipu ukutani ili ncha za tofali zisikate ngozi ya waya. Kando ya paipu jaza simenti unene wote wa ukuta, si kupaka juu tu. Ndani ya paipu, kuzunguka waya, tumia dawa ya kuzibia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, isiyoshika moto. Waya wa zamani ukitolewa, tundu lake lizibwe siku ile ile. Kupima mwanya, shika kipande cha karatasi nyembamba uone kama kinapepea. Kiberiti hapana.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kuwa mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yasema pia kuwa mfanyi kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi, na asirudishwe hapo mpaka irekebishwe. Kwa hivyo kila mwakilishi wa karakana azunguke na penseli wiki hii, aandike chumba, ukuta upi, na tundu liko juu au chini. Karatasi hizo zimfikie Katibu kabla ya Ijumaa, maana kamati itakaa Jumatatu asubuhi.