Mtoto Akiingia Chuo, Nani Atamsemea?

Leo nazungumza nanyi, wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, lakini zaidi na jamaa zangu wa Dagoretti Corner kule Nairobi, maana swali huwa ni lilelile: "Kijana amepata chuo huko. Shule yake ilijua ana disleksia. Huko nako watajua?"

Hawatajua mpaka awaambie mwenyewe.

Katika shule za umma za huku, sheria ya IDEA inailazimu shule kumtambua mtoto mwenye usonji, ADHD au disleksia anayehitaji msaada, kumpima na kumwandikia mpango wake, IEP. Mzazi huitwa kwenye kikao. Mtoto akishahitimu sekondari, mpango huo umekwisha. Chuoni hufuatwa Kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji (Rehabilitation Act) ya mwaka 1973 na sheria ya ADA ya 1990, na chuo hakimtafuti mtu. Mwanafunzi ndiye anayekwenda ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, akajieleza na kuonyesha ripoti ya uchunguzi. Mama akipiga simu, ataambiwa mwanawe apige.

Najua neno "ulemavu" linawatia hofu wengi wetu. Nawasihi lisiwazuie. Inaniuma kuona kijana mwerevu akifeli kwa sababu nyumbani waliona aibu kulitamka.

Huko Kenya anzeni mapema. Vituo vya EARC, vya tathmini na rasilimali za elimu, vimekuwa vikiwapima watoto tangu 1984. Muda wa ziada katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huombwa baraza la mitihani, KNEC, kupitia shule, tena mapema, si wiki ya mtihani. Barua na ripoti zote wekeni nakala, maana hata mtoto akienda Kabete National Polytechnic badala ya Marekani, faili la sekondari halimfuati lenyewe.

Halafu mzoezeni kusema. Jioni mezani, mama awe mhadhiri, kijana aseme: "Nina disleksia. Nasoma polepole. Naomba muda wa ziada." Mwanzoni atanong'ona. Arudie kesho yake.

Mwenye usonji akielekea Kabete, pandeni naye matatu pale Corner kabla chuo hakijafunguliwa, azoee honi, makanga wanaoita abiria, nauli inayopanda mvua ikinyesha. Safari ya kwanza ketini kando yake, nyingine ketini nyuma, kisha mwacheni aende peke yake, simu ikiwa na chaji.

Na anayekuja huku awasilishe ombi kabla masomo hayajaanza. Mtihani alioufanya kabla ya kuomba, kwa kawaida haurudiwi.