Dawa Iliyotuama Haiui Kupe
Mazungumzo na wafugaji wa Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa



Mfugaji amenunua dawa, amepulizia, na kupe bado wamejaa masikioni mwa ng'ombe. Wiki chache baadaye ndama anakufa kwa ndigana kali. Analaumu dawa, kumbe pengine ilichanganywa vibaya.

Tuanze jikoni. Tia chumvi kwenye maji, ukoroge. Inayeyuka, na maji ya juu na ya chini yanakolea sawa. Chumvi laini huyeyuka upesi kuliko ya mawe. Lakini ina kikomo: lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 360 tu, inayozidi hubaki chini. Sasa jaribu mafuta ya mawese: yanaelea. Jaribu unga wa muhogo: unatuama. Dawa za mifugo nazo ziko hivyo. Zipo zinazoyeyuka, na zipo zisizoyeyuka.

Dawa ya kupe
Amitrazi na deltamethrini haziyeyuki vizuri kwenye maji. Dawa hizi za maji zimetengenezwa pamoja na kitu kinachofanya kazi kama sabuni, ndiyo maana ukizimimina maji huwa meupe kama maziwa. Weupe huo ni vitone vidogo vinavyoelea. Bomba likikaa, vinajitenga, na ng'ombe mmoja hupata maji matupu, mwingine dawa kali. Kwa hiyo:

1. Soma lebo, pima kwa kipimo, si kwa jicho. Ikisema mililita 2 kwa lita moja, bomba la lita 15 linataka mililita 30.
2. Jaza maji nusu, mimina dawa, koroga, kisha ongeza maji mpaka lijae na ukoroge tena.
3. Kila ukipumzika, tikisa bomba kabla ya kuendelea.
4. Tumia maji safi. Deltamethrini hung'ang'ania udongo, na iliyoshikwa na tope haimfikii kupe. Kiwira au Mbaka ikishuka na tope wakati wa masika, acha maji yatulie usiku kucha, uchote ya juu.
5. Changanya ya kutosha siku hiyo tu. Dawa iliyolala ndani ya bomba hupungua nguvu.

Dawa ya minyoo
Albendazoli ya maji ni kama uji wa muhogo: dawa ni chembe zinazotuama chini ya chupa. Usipotikisa, wa kwanza kunyweshwa hapati kitu na minyoo inabaki. Wa mwisho anapata nyingi mno, na kama ana mimba changa, kilicho tumboni kinaweza kudhurika. Tikisa chupa kabla ya kuanza, na tena kila baada ya ng'ombe wachache. Ng'ombe mwenye mimba changa, muulize kwanza mtaalamu.

Mabaki
Usioshee bomba mtoni wala ziwani. Dawa hizi huua samaki, na deltamethrini huwaua hata ikiwa kidogo sana. Usipa na mbasa ni chakula chetu. Maji ya kuoshea yamwage kwenye nchi kavu, mbali na kisima na malisho.

Lebo isiposomeka, usikisie. Ilete chupa kwa afisa mifugo wa kata yako kabla hujaifungua.