Kipi Kitangulie? Asili ya Opereta za Fizikia ya Kwanta



Nimeombwa niseme machache juu ya fizikia, nami nimechagua opereta. Opereta ni amri ya kihisabati: "zidisha kwa x" ni opereta, na "tafuta mteremko" ni opereta. Fizikia ya kwanta, elimu ya vitu vidogo kama elektroni, imejengwa juu yake. Je, nani alizianzisha, na alikuwa akitafuta nini?

Twende kwanza shambani. Kahawa mbivu ina kazi mbili: kuondolewa ganda na kuanikwa. Ukiimenya, ukaichachusha, ukaiosha, ndipo ukaianika, unapata kahawa moja. Ukiianika na ganda lake, ukaliondoa baadaye, unapata nyingine, ladha mbali na bei mbali.

Hesabu nazo zina tabia hiyo. Chukua x². Izidishe kwa x, kisha tafuta mteremko: 3x². Sasa anza na mteremko, ndipo uzidishe kwa x: 2x². Tofauti ni x², kile kile ulichoanza nacho! Usiku huu bwenini jaribuni na x³.

Mwaka 1814 Mfaransa Servois alizipa jina kazi ambazo kubadili mpangilio wake hakuharibu kitu. Mwaka 1855 Charles Hermite alionyesha kwamba majedwali ya namba ya aina fulani hutoa namba halisi tu. Mwaka 1858 Arthur Cayley akaandika kanuni za majedwali hayo, yaani matriksi, ambamo A mara B si lazima iwe sawa na B mara A. Cayley wakati huo alikuwa mwanasheria London! Hakuna aliyefikiria elektroni. Iligunduliwa mwaka 1897.

Ukafika mwaka 1925, mwaka ambao wakulima wetu wa kahawa waliunda KNPA, chama kilichoitangulia KNCU. Huko Ujerumani, Werner Heisenberg, kijana wa miaka 23, alikimbilia kisiwa cha Helgoland kwa kusumbuliwa na chavua. Katika hesabu zake za atomu akakuta mpangilio wa kuzidisha unabadili jibu, akaingiwa na wasiwasi. Mkubwa wake, Max Born, ndiye aliyekumbuka masomo yake ya zamani: haya ni matriksi. Born na Pascual Jordan wakaandika pq − qp = h/2πi, p ikiwa kani ya mwendo, q mahali, na h namba ya Planck.

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alionyesha kwamba "mahali" ni amri ya kuzidisha, na "mwendo" ni amri ya kutafuta mteremko. Ni zile zile tulizozifanya kwa x². Mwaka 1932 John von Neumann akayapanga yote kitabuni, na kazi ya Hermite ikapata mahali pake, kwa kuwa kipimo cha maabara hakina budi kuwa namba halisi.

Nasikia hata hapa Moshi wazazi wakisema hisabati isiyo na kazi leo ni kupoteza ada. Cayley asingeweza kuwajibu. Jibu lilichukua miaka 67.

Heisenberg alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932. Born alingojea hadi 1954, na kwa maoni yangu hakutendewa haki. Amezikwa Göttingen, na juu ya jiwe la kaburi lake imechongwa pq − qp = h/2πi.