GMO: Matokeo ya Makutupora yako wapi?

Mwaka 2016 mahindi ya GMO ya kuhimili ukame yalianza kujaribiwa pale Makutupora, Dodoma. Novemba 2018 wizara ikaamuru majaribio yasimame na masalia yateketezwe. Januari 2021 Waziri wa Kilimo akafuta majaribio yote.

Mimi siyo shabiki wa GMO. Naogopa mkulima kufungwa na mwenye mbegu, ingawa tuwe wakweli, hata hibridi ananunua kila msimu. Ila jamani, shamba letu, watafiti wetu, halafu kesi inafungwa kwa tamko! Mama yangu mdogo analima Kongwa, ukame unammaliza, ripoti hajawahi kuiona. Wabunge wakija kwenye kata yako, waulize hilo kwanza.